Ipi ya kugeuza kuwa kafe resa? SR, XS, CB, CX, BMW na CG zikiwekwa bega kwa bega

Chuchumaa kando ya pikipiki kuukuu, hatua nne au tano hivi, mpaka macho yako yalingane na ukingo wa chini wa tangi. Achana na injini kwanza, achana na kutu. Fuata ule ukingo kuelekea nyuma: pita chini ya kiti, nenda hadi fremu inapoishia juu ya gurudumu la nyuma. Mstari huo umenyooka? Au umeshuka chini ya kiti kisha ukapanda tena kama njia ya mlimani? Hapo ndipo penye jibu la nusu ya maswali yote yanayoulizwa kuhusu pikipiki ipi inafaa kugeuzwa kafe resa, yaani pikipiki ya kawaida iliyovuliwa mizigo, usukani ukashushwa na kiti kikalala. Mimi huuita mgongo. Mgongo ukiwa mzuri, kazi iliyobaki ni ya mikono na uvumilivu. Ukiwa mbaya, utakata, utachomelea, utajaza, na bado ukisimama kando utaona kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Nasema hivi kwa kuwa nimegeuza nne, na mbili kati ya hizo nilizichagua kwa injini. Zote mbili zilinichukua muda mara tatu ya zile nilizochagua kwa mgongo.

Walioanzisha mtindo huu walilijua jambo hili mapema. Ilikuwa Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikutana sehemu kama Ace Cafe, London, kando ya barabara ya North Circular. Walitaka pikipiki zao za kila siku zifike maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Wakavua kila kilichokuwa mzigo, wakashusha usukani ili kifua kilalie tangi na upepo upite juu, wakarudisha vikanyagio nyuma. Wenye bidii zaidi walichukua injini ya Triumph wakaipandikiza kwenye fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, ikazaliwa Triton. Norton ilisifika kwa kukata kona, Triumph ilisifika kwa nguvu, nao wakaona ni rahisi kuhamisha injini kuliko kuinyoosha fremu.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu nauliza mambo matatu kwa kila moja: mgongo wake ukoje, ugonjwa wake mkubwa uko wapi, na utalazimika kukata kiasi gani. Nguvu za injini nitazitaja, lakini hazitakuwa mbele.

SR500 na XS650

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu watu huzichanganya. Zote ni za Yamaha, zote zina sura ya pikipiki ya Kiingereza ya zamani, na migongo yao inakaribia kunyooka. Tabia zao ni mbingu na ardhi.

SR500 ilitoka mwaka 1978. Ina silinda moja ya cc 499, na ina mdogo wake, SR400, yenye cc 399, ambayo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2021. Haina stata ya umeme. Unapiga kiki, basi. Wengi huikimbia kwa sababu hiyo, na ni makosa, kwa kuwa kuna utaratibu wake na ukishaujua mguu haukusumbui tena. Upande wa kichwa cha silinda kuna kidirisha kidogo cha kioo. Unavuta kile kiwiko kidogo kilicho kwenye kipini cha klachi, kinachotoa mgandamizo wa pistoni, huku unasukuma kiki polepole mpaka alama nyeupe itokee kidirishani. Unaachia kiwiko, unairudisha kiki juu, kisha unaikanyaga moja kwa moja hadi chini bila kugusa mafuta. Injini nzima inakohoa mara moja na kuwaka. Nimemfundisha mtu mwenye kilo 55 akaiwasha siku hiyohiyo.

Uzuri wake kwa kazi yetu ni wepesi, kama kilo 160 hivi, na uchache wa vitu: kabureta moja, plagi moja, bomba moja la moshi. Waya zake unaweza kuzitandaza mezani na kuzifuata zote kwa jioni moja. Mkia wa fremu unahitaji kufupishwa kidogo tu nyuma ya mahali shokabu zinapofungwa. Ila kuna jambo moja usilisahau hata ukiwa umechoka: oili ya injini hii inakaa ndani ya bomba la fremu. Usitoboe bomba la mbele wala la juu kufunga kitu chochote, na ukipeleka fremu kupigwa mchanga kabla ya rangi, ziba kila tundu. Punje za mchanga zikibaki ndani zitazunguka na oili hadi kwenye beringi.

XS650 ni ya tangu 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Silinda mbili zimesimama pamoja, cc 654, na pistoni zote mbili hupanda na kushuka kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu ya sauti yake nzito, na ndiyo sababu inatetemeka kiasi cha kulegeza bolti ambazo ulikaza juzi. Kila unachokiongeza kwenye XS, iwe taa, mita au mkono wa kushikia bomba la moshi, kikalie mpira. Kikikaa chuma kwa chuma kitapasuka. Wapo wanaokata krenki na kuipanga upya ili pistoni zipishane kwa nyuzi 277. Mtetemo hupungua sana na sauti hubadilika, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine, na pikipiki ya kwanza haistahili kuanzia huko.

Ugonjwa wake ni chaji. Tofauti na nyingi za rika lake, XS inazalisha umeme kwa rota yenye koili inayolishwa na brashi za kaboni. Brashi huisha, rota hukatika ndani. Weka maltimita, kile kipima umeme, kwenye pete mbili za rota. Ukisoma omu 5 hivi, iko hai. Ukisoma chini sana ya hapo au usipopata kitu, bei ishuke au uondoke.

Na angalia toleo. XS za kawaida zina gurudumu la nyuma la inchi 18. Zile zilizoitwa Special zina inchi 16, tangi dogo la mfano wa tone, na kiti chenye ngazi. Mgongo wa Special umevunjika pale kwenye kiti, na tairi lile nene la nyuma halitakupa ule umbo wa mnyama anayetaka kuruka. Injini ni ileile, lakini kazi ni nyingine kabisa.

Mtu anayejifunza nampa SR. XS nampa aliyekwisha kufungua injini walau mara moja na anayeipenda sauti ile kiasi cha kuvumilia kukaza bolti kila wiki.

CB350, CB550 na CB750

Honda za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za 1970 ndizo zimegeuzwa sana duniani, na sababu inaonekana ukichuchumaa: tangi limelala, kiti kimelala, mkia umelala. Mgongo upo tayari kutoka kiwandani. Swali lililobaki ni ukubwa gani, na hapo watu wengi huvutwa na CB750 kwa sababu ya jina.

Jina lina haki yake. Mwaka 1969 CB750 ilikuja na silinda nne zilizopangwa kwa ubavu, cc 736, nguvu za farasi 67 na breki ya diski mbele, wakati pikipiki nyingi kubwa bado zilikuwa na breki za dramu. Lakini ukiitaka iwe kafe resa, fungua kava la upande wa kulia. Utakuta tangi la oili, la chuma, limekaa palepale chini ya kiti. Injini hiyo ya kemshafti moja (shafti inayofungua valvu) haihifadhi oili chini kama nyingine. Ile pembetatu tupu chini ya kiti, ambayo watu huiona kwenye picha na kuitamani, kwenye CB750 hii huipati bila kutafuta mahali pengine pa kuweka tangi la oili, na mabomba yake, na ufungaji usiovuja.

CB550, cc 544, oili yake iko chini ya injini. Kava ukilitoa, nyuma yake kuna betri na vifaa vya umeme, basi. Ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 20, nyembamba magotini, na kwa barabara zenye kona inafuata mkono kuliko kaka yake. Kati ya zote nilizopanda katika kundi hili, hii ndiyo ninayoipenda, na nasema hivyo nikijua kabureta zake nne zinahitaji kusawazishwa kwa geji za vakyumu, si kwa sikio. Ukiipata ile CB400F ya mwaka 1975 hadi 1977, usiikate kabisa. Ilitoka kiwandani ikiwa karibu kafe resa, na mabomba yake manne yanayopinda kwa pamoja kwenda upande mmoja hayajapitwa na wengi hadi leo. Ioshe, itengeneze, ipande.

Halafu CB350 ya silinda mbili, ya 1968 hadi 1973. Cc 325 tu, lakini inapenda kuzunguka. Nguvu zake za farasi 36 zinapatikana kwenye mizunguko 10,500. Fremu ni nyepesi, magurudumu yote inchi 18, kwa hiyo hata ukiitazama imesimama imelingana mbele na nyuma. Ugonjwa wake unatokana na uvivu wa wamiliki waliotangulia. Haina kichujio cha oili cha karatasi. Ina kikombe kinachozunguka upande wa kulia wa injini na kutupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko. Kikombe hicho hufunguliwa na kusafishwa kwa mkono. Nilipofungua cha kwanza nilikuta tope jeusi, zito kama udongo wa mfinyanzi, limebakiza njia ya oili nyembamba kama sindano. Ukinunua CB350, kabla ya kuipanda hata kilomita kumi, safisha kikombe hicho.

CX500

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha za CX500 zilizogeuzwa ni nyingi na nzuri, na ndizo zilizonivuta.

Ni Honda ya mwaka 1978, silinda mbili za V iliyotanuka kwa nyuzi 80, cc 497, inapoozwa kwa maji, na haina cheni ya nyuma kwani inatumia shafti. Injini yenyewe ni ngumu kufa. Ringi zake za awali zinatumia tairi zisizo na tyubu. Ukivua kava na kiti, ile injini inayochomoza huku na huku inaonekana kama kitu kilichochongwa. Naelewa kwa nini watu wanaipenda.

Sasa chuchumaa. Tangi limeinama kuelekea nyuma, fremu inashuka chini ya kiti, kisha mkia unapanda. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Kwa hiyo karibu kila CX nzuri uliyoiona imeinuliwa tangi nyuma, imekatwa mkia wote, imechomelewa mkia mpya uliolala, na mara nyingi imewekewa shokabu za urefu mwingine. Mbele kuna rejeta ambayo haiwezi kufichwa. Hii si kazi ya wikiendi mbili.

Nilinunua ya kwangu ikiwa inawaka vizuri asubuhi. Baada ya dakika 20 barabarani ikazima. Ilipopoa ikawaka. Aliyeniuzia alisema ni betri. Nilibadilisha betri, ikazima palepale. Ugonjwa ulikuwa koili zilizo ndani ya injini. Kwenye matoleo ya mwanzo, cheche za plagi zinategemea koili maalumu zilizofungwa pamoja na koili za kuchajia, na waya wake ukishakatika kidogo hushikana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Koili hizo zimekaa nyuma ya injini, ndani ya oili, chini ya kava la nyuma. Kulifikia kava hilo ni lazima ushushe injini yote. Kwenye kava hilohilo kuna sili ya pampu ya maji, ambayo ikichoka hudondosha maji kwenye tundu dogo chini yake, na jirani hapo kuna kikazio cha cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti. Ukishusha injini kwa sababu ya kimoja, badilisha vyote vitatu. Mimi nilibadilisha koili peke yake, na miezi mitano baadaye nikashusha injini tena kwa ajili ya sili.

Mkia niliupeleka karakana fulani ukachomelewe. Uliporudi, kiti kilipowekwa, upande wa kushoto ulikuwa chini kwa milimita 8. Ni kidogo, lakini ukitembea nyuma ya pikipiki jicho linaona, na tairi la nyuma lilionekana kama limehama. Ilibidi ukatwe upya. Tangu siku ile mkia hauondoki kwangu bila kufungiwa bamba la mbao lenye matundu yaliyopimwa, ili mabomba yasisogee wakati wa kuchomelea. Na huwa nachukua kipimo kutoka ekseli ya nyuma hadi kila pembe ya mkia, kushoto na kulia, kabla na baada.

CX ikimilikiwa na mtu mwenye nafasi, vifaa, na pikipiki nyingine ya kupanda wakati hii iko juu ya meza, ni zawadi. Kama ndiyo pikipiki yako pekee, iache.

BMW za boksa

Kuanzia R75/5 ya mwaka 1969 hadi R80 na R100 za baadaye, BMW zina jambo moja ambalo hakuna ya Kijapani katika orodha hii inalo: mkia wa fremu umefungwa kwa bolti. Hukati kitu. Unafungua, unauweka darini, unafunga mwingine uliotengenezwa, na siku ukitaka kuirudisha pikipiki kama ilivyokuwa, inarudi. Kwa mtu anayeogopa kuharibu kitu cha zamani, hilo peke yake linatosha kuamua.

Kinachokwamisha ni mahali pa miguu. Silinda za boksa zimechomoza pande zote mbili, kabureta ziko nyuma yake, na magoti na nyayo zako zinabaki pale palipobaki. Kurudisha vikanyagio nyuma kunawezekana ila kunahitaji viungo vya gia na breki vilivyotengenezwa kwa makini. Ukishusha usukani bila kugusa vikanyagio, utakaa umejikunja kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Spea zipo kwa wingi lakini hazijawahi kuwa za bei rahisi, na pikipiki zenyewe zimepanda thamani. Ukipata iliyo kamili na asili yake, fikiria mara mbili kama kweli inapaswa kuguswa.

CG125 na jamaa zake

Wanaoandika kuhusu kafe resa huziruka pikipiki hizi, na naona si haki. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa watu ambao pikipiki ni chombo cha kazi na hawana muda wa kuibembeleza. Valvu zake zinasukumwa na fito, na kemshafti inaendeshwa na gia, kwa hiyo haina cheni ya taimingi ya kulegea. Injini zilizoundwa kwa mfano wake zimejaa duniani, nyingine zikiwa na cc 150 na 200, na spea zake hupatikana mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusikia XS650.

Tazama hesabu hii. CG ina uzito wa kilo 100 hivi. Ukiivua kava, kiti kirefu, keria, madigadi mazito na vishikio, kilo 10 zinaondoka: sehemu moja ya kumi ya pikipiki. Kilo hizohizo 10 kwenye CB750, yenye zaidi ya kilo 200, ni kama moja ya ishirini. Vilevile kulalia tangi kuna faida zaidi kwa mwenye nguvu za farasi 11 kuliko kwa mwenye 67, kwa sababu mdogo ndiye anayeshindwa na upepo mapema. Wale vijana wa London walikuwa wakifanya hasa hivi, kutoa kilichozidi ili kidogo kilichopo kitoshe. CG ina roho ya jambo lenyewe kuliko nyingi za fahari.

Kasoro yake ni uwiano. Tairi ni nyembamba na injini ni ndogo ndani ya fremu, hivyo ukiweka tangi kubwa la pikipiki nyingine, inakuwa kichwa kikubwa juu ya shingo ya korongo. Baki na tangi lake au tafuta jembamba na refu. Kinundu cha nyuma cha kiti kiwe kidogo. Ongeza tairi kwa saizi moja tu. Ukizidisha, linagusa cheni au mkono wa nyuma wa fremu. Na kama ni ya zamani kabisa, hakikisha si ya volti 6, kwa kuwa taa zake ni hafifu na kuibadilisha kwenda volti 12 ni kazi ya ziada.

Suzuki GN125 huwekwa kundi moja na hii, lakini ichuchumalie kwanza. Gurudumu lake la nyuma ni inchi 16 na kiti chake kina ngazi, kwani ilitengenezwa kwa mtindo wa kukaa wima, miguu mbele. Inageuzika, lakini unaanza na mgongo uliovunjika, ilhali CG iko palepale sokoni.

Za Kiingereza

Triumph za cc 650, kama Bonneville iliyotoka mwaka 1959, ndizo asili ya yote. Kuzigusa kunataka spana za vipimo vyao, subira kwa uvujaji wa oili, na elimu ya umeme ambao kwa miaka mingi chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu badala ya hasi. Iliyo nzima ni bora itunzwe kama ilivyo. Royal Enfield Bullet ya cc 346 au 499 ni rahisi zaidi kuishi nayo na ina uzuri wake, lakini ni ya mwendo wa taratibu, na haitapenda kulazimishwa.

Pembetatu tupu na kabureta

Kuna jambo linalopita katikati ya pikipiki zote hizi na ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kila mtu anataka nafasi ile chini ya kiti iwe wazi, mwanga upite. Ili ipatikane, boksi la hewa linatolewa na kila kabureta inafungwa kichujio cha koni. Kwa kabureta za slaidi, ambazo kamba ya mafuta inainua slaidi yenyewe, hili linawezekana: unaongeza saizi ya jeti kuu, yaani tundu linalopimia petroli, unajaribu, unatazama rangi ya plagi, unarekebisha. CB550, CB750 ya kemshafti moja, SR500 za mwanzo na CG ziko kundi hilo.

Kabureta za vakyumu ni habari nyingine. Pistoni yake inainuliwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa, na boksi lile la plastiki linaloonekana takataka ndilo lililokuwa likiituliza hewa. CB350, XS650, CX500 na BMW nyingi ziko huku. Ukilitoa, pikipiki inawaka vizuri, inakwenda vizuri taratibu, halafu katikati ya mizunguko inakwama kana kwamba mtu ameishika nyuma. Inarekebishika, lakini kwa wiki, si kwa saa. Kama huna hamu ya kucheza na jeti, chagua ya slaidi, au ukubali boksi la hewa libaki na ufiche betri badala yake.

Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini. Ikiwa na joto, kuna jambo alitaka kulipitisha kabla yako. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi, iache ipate moto, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, huku mafuta yamefunguliwa hadi mwisho. Silinda zikiachana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, tia kijiko kidogo cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Betri ikiwa imetulia isome volti 12.6 hivi, na ukipandisha mizunguko hadi 4,000 au 5,000 isome 14 na kidogo. Usihukumu chaji ya CB750 au XS650 ikiwa imesimama kwenye mizunguko ya chini, kwani hata zikiwa nzima huchaji kidogo hapo.

Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimelika. Mulika tochi ndani ya tangi. Kutu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa kidole inasafishika, lakini magamba yanayokatika yanamaanisha kuna tundu linalokuja. Nyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, uone kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja, kwa sababu fremu iliyopinda kwa ajali haiponi kwa rangi.

Mwisho kabisa, inama usome namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, tarakimu moja baada ya nyingine, ukilinganisha na kadi ya umiliki. Ikiwa namba imesagwa na grainda, au imepigwa juu ya nyingine, au kadi haipo na ahadi ndiyo ipo, ondoka hata kama ni CB550 yenye mgongo mzuri kuliko zote ulizowahi kuona.